Na ninyi muwekewe saa: barua ya wazi kwa waandaaji wa mashindano ya sataranji

Kwa waandaaji wa mashindano ya wazi ya kimataifa, waamuzi wakuu, na viongozi wa Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka meza ya 118. Hamnijui, wala sina kinyongo kwa hilo. Kamera za matangazo ya moja kwa moja huishia meza ya kumi, ya ishirini mkijitahidi, na kamba ya kuzuia watazamaji huishia hapo hapo. Mimi ni yule aliyelipa kiingilio miezi mitatu kabla, akaomba likizo kazini, akaunganisha ndege mbili, akaja kukaa siku tisa mbele ya watu ambao hana lugha ya kuelewana nao zaidi ya kete 32. Cheo sina na sitakipata. Naupenda mchezo huu kuliko ninavyouweza, na kwa ugonjwa huo nimeshashiriki mashindano ya wazi kumi na mawili.

Malalamiko yangu yote yanarudi kwenye jambo moja: kila anayeingia ukumbini ana saa inayomhukumu, isipokuwa ninyi.

Nianze na raundi ya nne ya mashindano ambayo siyataji, kwa sababu makosa yake nimeyakuta na kwingine. Upangaji, yaani orodha ya nani anakutana na nani kwenye meza ipi, ulitakiwa kutoka saa mbili usiku. Saa tatu haujatoka, saa nne haujatoka, na sisi tumejaa kwenye ukumbi wa hoteli tunafungua ukurasa ule ule kwenye simu kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Saa tano kasorobo ndipo ukatoka: meza ya 118, kete nyeupe, ukumbi mkubwa. Nikapanda chumbani, nikachambua michezo ya mpinzani wangu mpaka saa saba za usiku. Akiwa na kete nyeusi alikuwa na mazoea ya kuanza kwa hatua zinazoitwa ulinzi wa Kifaransa, nikamwandalia jambo lake.

Asubuhi nilifika ukumbini saa nne kasoro dakika sita. Raundi ilikuwa inaanza saa nne kamili. Kwenye meza ya 118 nikakuta dada mmoja ameketi, kalamu tayari, jina lake kwenye kibao. Kumbe wachezaji wawili walikuwa wamejitoa alfajiri, upangaji ukafumuliwa na kutolewa upya saa tatu na nusu, bila tangazo, isipokuwa karatasi moja iliyobandikwa ukutani upande wa pili wa ukumbi. Watu thelathini hivi walikuwa wameizunguka karatasi hiyo, na wa mbele yangu alikuwa mrefu kama mnazi. Nilipoliona jina langu: meza ya 131, kete nyeusi, ukumbi mdogo, ghorofa ya pili. Nikapanda ngazi mbili mbili. Nilipofika mlangoni saa ya ukutani ilisoma saa nne na dakika mbili.

Mpinzani wangu alikuwa mzee wa makamo ya babu yangu, amevaa tai. Alikuwa ameshasaini karatasi. Hakunitazama usoni. Naibu mwamuzi alinyoosha kidole kwenye saa, akaandika moja kwake na sifuri kwangu, akaenda zake. Sikuwa nimegusa hata askari mmoja.

Yule mzee alinifuata nje. Akatoa mfukoni ubao mdogo wa sumaku, akaufungua kwenye kiti cha korido, akanionyesha kwa mkono: keti. Tukacheza pale pale, bila saa, muda wa saa tatu nzima. Alinishinda vilevile. Huo ndio mchezo bora niliocheza safari ile na haumo kwenye kumbukumbu yoyote ya FIDE.

Najua sheria inavyosema. Kifungu cha 6.7 cha Sheria za Sataranji kinawataka waandaaji watangaze mapema muda wa kusubiri, yaani mchezaji akichelewa kwa kiasi gani ndipo apoteze mchezo. Na kinaongeza: wasipotangaza, muda huo ni sifuri. Zamani mtu alikuwa anasubiriwa saa nzima. Olimpiadi ya sataranji, mashindano ya timu za mataifa, iliyofanyika Dresden, Ujerumani, mwaka 2008 ndiyo iliyotuzoesha habari hii ya sifuri, kwamba mwamuzi akitangaza mwanzo nawe hujaketi, umekwisha. Sina ugomvi na sifuri yenyewe. Kumsubiri mtu aliyelala kupita kiasi ni kumkosea aliyeamka. Ninachogomba ni kwamba tangazo la mashindano yale lilikuwa na picha nne za bwawa la kuogelea, na halikuwa na mstari hata mmoja kuhusu muda wa kusubiri. Mliponyamaza, ukimya wenu ukawa sheria juu yangu. Na mlipochelewa karibu saa tatu usiku ule, sheria juu yenu ikawa ipi? Mkuki kwa nguruwe.

Kanuni zenu za mfumo wa Uswisi, huu wa kumpanga kila mtu kila raundi na mwenye pointi kama zake bila mtu kutolewa, zenyewe zinasema upangaji ukishatangazwa rasmi haubadilishwi ovyo. Wawili wakijitoa alfajiri, waliobaki bila wapinzani wapatanishwe wao kwa wao. Hakuna haja ya kuwahamisha watu mia na arobaini waliokwisha kwenda kulala na majina vichwani.

Kwa hiyo naomba hili, na naomba liandikwe kwenye kanuni, lisibaki kwenye hisani ya mwandaaji. Saa ya kutoa upangaji itangazwe kama inavyotangazwa saa ya kuanza raundi. Ukichelewa kwa zaidi ya saa moja, muda wa kusubiri wa raundi inayofuata upande wenyewe kutoka sifuri hadi dakika thelathini. Ukibadilishwa siku yenyewe ya mchezo, uwe saa nzima. Hamtalipa faini wala hamtapoteza pointi. Mtatupa tu dakika mlizotunyang'anya.

Pengine mtauliza huyu wa meza ya 118 ni nani hata atupangie saa. Niwajibu kwa hesabu.

Mfumo wa Uswisi ulijaribiwa kwenye sataranji huko Zürich mwaka 1895, na uzuri wake ni kwamba watu wengi sana wanaweza kucheza raundi chache bila mtu kutolewa. Mkiwa na wachezaji 200 waliopewa namba kwa nguvu zao, raundi ya kwanza namba 1 anakutana na namba 101, namba 2 na namba 102, mpaka namba 100 na 200. Nusu ya juu inapashia misuli juu yetu. Bila sisi, hao magrandmasta wenu, wenye cheo cha juu kabisa cha mchezo huu, mliowapa chumba cha bure na posho ya kuja wangekuwa wanatazamana tangu siku ya kwanza, na sare zingejaa kwenye jedwali. Wao hawalipi kiingilio. Sisi tunalipa. Sijasema ni vibaya. Hata mimi napenda kutembea wakati wa mchezo na kusimama nyuma ya kamba nikimtazama mtu wa kiwango cha 2650, namba ya FIDE inayopima nguvu ya mchezaji, akifikiri. Ndiyo sababu mojawapo ya kuja. Lakini tusidanganyane kuhusu nani anamgharamia nani.

Kuna jingine ambalo wengi wa meza za chini hawalijui. Kijana wa nchi mwenyeji anayetafuta ugrandmasta anahitaji kiwango cha 2500 pamoja na nomu, yaani matokeo ya kiwango cha ugrandmasta kwenye shindano moja, kwa kawaida tatu, zenye jumla ya michezo 27 au zaidi, na kila nomu ina masharti ya kukutana na watu wa mashirikisho mengine. Hapo ndipo wenyeji hukwama, kwa sababu nyumbani wanacheza na wenyewe kwa wenyewe. Lakini kanuni zina mlango wa nafuu: mashindano ya Uswisi yakiwa na wageni wasiopungua 20 wenye kiwango cha FIDE, kutoka mashirikisho matatu au zaidi, kumi kati yao wakiwa na vyeo vikubwa, sharti la uraia wa wapinzani linalegezwa. Kumi wawe na vyeo. Kumi waliobaki wanatakiwa tu wawe wageni, wawe na kiwango, na wasikose raundi. Waheshimiwa, hao kumi ni sisi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: wahenga walisema, FIDE wakaiandika kwenye kanuni. Nimewahi kumwona kijana akibebwa juu juu siku ya mwisho kwa kutimiza nomu yake, nami nikapiga makofi, na nilijua kuwa ndani ya nomu ile mna kichwa changu kimoja kilichohesabiwa.

Nirudi kwenye saa, maana si upangaji peke yake.

Mashindano mengine, jioni, raundi ya saba. Tumebaki na ngome kwa ngome na askari wachache, mimi na mtoto wa kama miaka kumi na mmoja. Naona hali ya ubao inakwenda kujirudia mara ya tatu, na hapo mchezaji ana haki ya kudai sare. Nikafuata sheria: hatua yangu nikaiandika kwenye karatasi bila kuicheza, nikasimamisha saa, nikanyoosha mkono kumwita mwamuzi ili nidai sare. Mtoto akaiona saa imesimama, akanitazama, uso ukamchanua, akanipa mkono. Alidhani nimekubali kushindwa. Nikatikisa kichwa. Hapo akadhani nakataa kumpa mkono, midomo ikaanza kumtetemeka. Lugha hatuna. Mwamuzi hayupo: waliopangwa kwenye ukumbi ule walikuwa wawili, na wote wawili wamekwenda meza za mbele kutazama watu mashuhuri wakibanwa na muda. Baba yake nyuma ya kamba ananikazia macho kama nimemwibia. Nilikaa na mkono juu dakika tisa.

Mwamuzi alipokuja alirudia hatua zote kwenye ubao wa pembeni, taratibu, kwa haki. Akakuta nimekosea: zamu nayo lazima iwe ya mtu yule yule mara zote tatu, na mara ya kwanza ilikuwa zamu yangu kucheza, siyo ya yule mtoto. Akamwongezea dakika mbili kama sheria inavyotaka, tukaendelea, nikapoteza mchezo. Sina neno na uamuzi ule. Neno langu ni zile dakika tisa. Meza ya kwanza mwamuzi hufika kabla mkono haujamaliza kunyooka. Kwetu huku, ambako ndiko waliko watoto, wageni wa mchezo na watu wasiozijua sheria vizuri (mimi nikiwemo, kama mlivyoona), ndiko mnakowaacha waamuzi wachache zaidi. Ingefaa iwe kinyume.

Kuhusu simu, nipekueni. Nipitisheni kifaa cha kunasa chuma kila raundi, vueni hata viatu vyangu. Mwaka 2015 kule Dubai, Gaioz Nigalidze aliyekuwa bingwa wa Georgia alikutwa na simu iliyofichwa chooni. Julai 2019 kule Strasbourg, Igors Rausis, mtu wa miaka karibu sitini ambaye kiwango chake kilikuwa kinakaribia 2700, alinaswa kwa simu chooni vilevile. Wote wawili walinyang'anywa ugrandmasta na kufungiwa. Anayetaka tulegeze ulinzi hajui tunapigana na nini. Na hata pasipo wizi, simu ni hatari: Ruslan Ponomariov, akiwa bingwa wa dunia wa FIDE, alipoteza mchezo mwaka 2003 kwenye mashindano ya timu za Ulaya kwa sababu simu yake iliita tu.

Ila sheria haisemi simu iachwe hotelini. Kifungu cha 11.3 kinawapa nafasi ya kuruhusu izimwe na iwekwe kwenye begi, mahali mlipoelewana. Ninyi mmechukua njia fupi, mnabandika karatasi: msije na simu. Mgeni aliye peke yake, asiyejua hata jina la mtaa aliofikia, simu ndiyo ramani, ndiyo tiketi, ndiyo mkalimani wake. Mnajua watu wanafanya nini? Wanazificha. Kwenye mashindano niliyoyataja mwanzo nilihesabu simu sita nyuma ya chungu kimoja cha maua karibu na lango. Tena wachezaji wa mbele walikuwa na meza yao yenye mtu wa kupokea simu na kuzitia kwenye bahasha zenye namba. Bahasha, jamani. Tunashindwa kupata bahasha mia na themanini?

Maana ya kuwa meza ya mbele niliiona vizuri zaidi Desemba 2024, kwenye mashindano ya dunia ya michezo ya haraka kule New York. Magnus Carlsen wa Norway, mchezaji namba moja wa dunia wakati ule, alikuja na suruali ya jinzi, akatozwa faini ya dola 200, akaambiwa akabadilishe, akakataa, akaachwa nje ya upangaji wa raundi ya tisa. Akajitoa. Siku mbili baadaye FIDE ilikuwa imelegeza kanuni ya mavazi, naye akarudi kucheza blitz, mchezo wa dakika chache tu, akamaliza kwa kugawana ubingwa na Ian Nepomniachtchi wa Urusi. Sitaki kujadili jinzi. Ninachokumbuka ni kasi. Kumbe kanuni inaweza kutazamwa upya ndani ya siku mbili, tena mwisho wa wiki, tena karibu na mwaka mpya! Sisi tumeandika kuhusu upangaji wa usiku wa manane kwa miaka, tunaambiwa suala litapelekwa kwenye kamati.

Mengine nayapitia haraka. Siku za raundi mbili: najua kanuni zinawaruhusu hadi saa 12 za mchezo kwa siku, na najua kila siku mnayopunguza ni siku moja ya ukumbi msiyolipia. Lakini mchezo wa dakika 90 kwa kila mchezaji na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua, ukifika hatua ya 60, unaweza kula saa nne. Anayemaliza saa nane mchana na kutakiwa kukaa tena saa tisa amepewa muda wa kula au muda wa kujiandaa, achague. Zawadi za makundi: moja nimewahi kuipata maishani, kundi la chini ya 1800, na ilinifikia baada ya miezi saba na barua pepe kumi na moja.

Barua za mwaliko zinahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapo kuchelewa kwenu kunamfungia mtu nje kabla hajaona ubao. Kwa anayehitaji viza, barua yenu ndiyo kila kitu. Ubalozi hauangalii kiwango chako cha FIDE; unaangalia karatasi yenye muhuri na tarehe. Mnasema kiingilio kilipwe kwanza ndipo barua itolewe. Sawa, nimelipa. Barua ikaja siku kumi na mbili kabla ya raundi ya kwanza, na miadi ya ubalozini iliyo karibu ilikuwa baada ya raundi ya tano. Kiingilio hakirudishwi, mmeandika kwa herufi nzito. Nimeketi na wachezaji watatu kwa nyakati tofauti waliokutwa na jambo hilo hilo, na mmoja wao ana nguvu ya kuwatoa jasho watu wa meza zenu za mbele. Wekeni siku: barua itoke ndani ya siku saba baada ya malipo. Isipotoka kwa wakati, au viza ikakataliwa, fedha irudi. Mtu akichelewa kulipa mnamtoza zaidi. Hilo hamjawahi kulisahau.

Kwamba haya yanawezekana, mfano upo. Kila Januari kule Wijk aan Zee, Uholanzi, kwenye mashindano yaliyoanza mwaka 1938, mamia ya wachezaji wa kawaida wanacheza kwenye ukumbi mmoja na wakubwa wa dunia. Ukumbi huo huo. Mtu wa kiwango cha 1500 anainua macho kutoka kwenye balaa lake mwenyewe na kumwona bingwa wa dunia hatua chache tu, naye ameinamia balaa lake. Mashindano yale hayajapungukiwa heshima kwa kuwa karibu na sisi.

Nimeshajiandikisha kwa mashindano mengine, miezi mitatu kutoka sasa. Kiingilio nimelipa. Nimesoma tangazo lote mara mbili, kurasa sita, zikiwemo picha za bwawa. Kisha nikamwandikia mwandaaji barua pepe yenye swali moja: muda wa kusubiri ni dakika ngapi? Leo ni siku ya kumi na tisa. Natazama sanduku langu kila asubuhi.

Wenu,
Mchezaji wa meza ya 118, aliyehamishiwa 131